Mgongo Unaochoka Mapema: Maswali ya Wasomaji kuhusu Tiba ya Kusukuma Pingili

Maswali ya safu hii yanajibiwa na mtaalamu wa fiziotherapia. Barua zimefupishwa, na majina ya waandishi yameachwa.

Shikamoo mtaalamu. Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, nina umri wa miaka 41. Kiuno kimenisumbua kwa miaka kadhaa. Asubuhi naanza kazi vizuri, lakini ikifika saa tano mgongo unakuwa umechoka kiasi kwamba ni lazima niegemee ukuta au nijilaze sakafuni kidogo ndipo niweze kuendelea. Nilikwenda Dar es Salaam kwa mtu anayesukuma pingili kwa mikono. Alinilaza ubavu, akanisukuma ghafla, mgongo ukatoa mlio, nikapata nafuu kubwa kwa siku mbili hivi, kisha hali ikarudi ilivyokuwa. Ameniambia kuwa pingili zangu zimehama na kwamba inanibidi nirudi kwake kila wiki, pengine maisha yangu yote, ili zirudishwe mahali pake. Gharama inanielemea. Je, ni kweli pingili zimehama? Na je, tiba hii inaweza kuuondoa uchovu huu? Maumivu nimeyazoea, uchovu ndio unaoniharibia kazi.

Marahaba, fundi. Sentensi yako ya mwisho ndiyo iliyonifanya niipe barua yako nafasi kubwa kuliko nyingine, kwa sababu wagonjwa wengi wa kiuno huulizwa tu wanaumwa wapi na kwa kiasi gani, na ni wachache wanaoulizwa mgongo wao unastahimili kazi kwa muda gani kabla ya kulegea.

Nianze na hili la pingili kuhama, kwa kuwa limekutia hofu na linakugharimu fedha. Pingili za kiuno zimefungwa kwa kano nene, kwa visahani vilivyo katikati yake na kwa tabaka kadhaa za misuli. Hazichomoki mahali pake kwa kuinama kwenye cherehani, wala hazirudishwi kwa kusukumwa. Mwaka 1998 watafiti wa Sweden waliwachukua wagonjwa 10 walioambiwa kwamba kiungo kinachounganisha uti wa mgongo na nyonga kimekaa vibaya, wakawapima kwa eksirei maalumu inayoweza kuonyesha hata mabadiliko madogo sana ya mkao wa mfupa, kabla na baada ya kusukumwa. Watabibu waliowapapasa waliamini kwamba kiungo kimerudi sawa, lakini eksirei ilionyesha kwamba mkao wa mfupa haukubadilika. Mlio uliousikia nao si wa mfupa unaoingia mahali pake. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walipiga picha za MRI za vidole wakati vikivutwa hadi vikaalika, na wakaona uwazi wa gesi ukijitokeza katika ute wa kiungo pale pale nyuso zake zilipoachana. Mlio wa mgongo hutokana na jambo la namna hiyo hiyo. Hauna madhara, lakini pia haupimi chochote: tiba iliyotoa mlio si lazima iwe bora kuliko ile iliyopita kimya.

Je, nafuu uliyoipata ilikuwa ya kujidanganya? Hapana, na sipendi mgonjwa aambiwe hivyo. Msukumo wa haraka hunyoosha kwa ghafla misuli midogo na utando wa viungo vya mgongo, na humo mna vipokezi vya neva vinavyopeleka taarifa nyingi kwenye uti wa mgongo na ubongo kwa mara moja. Kwa muda fulani taarifa hizo hupunguza uzito wa ishara za maumivu na huilegeza misuli iliyokuwa imekakamaa kwa kujihami. Kuguswa na mtu unayemwamini, na kuona kwamba mgongo wako umesukumwa kwa nguvu bila kuvunjika, navyo huchangia. Yote hayo ni ya kweli mwilini, ila muda wake ni mfupi.

Sasa tuje kwenye uchovu wenyewe. Misuli inayosimamisha mgongo imeumbwa kwa kazi ndefu na ya polepole, na sehemu kubwa ya nyuzi zake ni za aina isiyochoka haraka. Lakini hata nyuzi hizo zinahitaji damu. Unapoinama mbele kidogo juu ya kitambaa na kubaki hivyo, misuli hukaza bila kuachia, shinikizo ndani yake hupanda, damu inayopita hupungua, na mabaki ya kazi ya chembe hujikusanya badala ya kuondolewa. Misuli inayokaza na kuachia kwa zamu, kama ya mtu anayetembea, hujisukumia damu yenyewe. Kwa hiyo mtu anaweza kutembea kilomita kadhaa bila shida, kisha akashindwa kukaa saa moja akiwa ameinama.

Uchovu huu unaweza kupimwa hata kabla mtu hajasema amechoka. Elektrodi zikibandikwa juu ya ngozi ya kiuno hunasa umeme wa misuli, na kadiri misuli inavyochoka ndivyo masafa ya umeme huo yanavyoshuka. Serge Roy na Carlo De Luca, waliofanya kazi Boston, walichapisha mwaka 1989 utafiti ulioonyesha kwamba kushuka huko kunaweza kuwatofautisha wagonjwa wa maumivu sugu ya kiuno na watu wasioumwa. Kuna dalili nyingine iliyojulikana tangu miaka ya 1950: mtu mwenye mgongo mzima anapoinama hadi mwisho, misuli ya kiuno hunyamaza kabisa, kwa sababu kano ndizo zinazobeba uzito, lakini kwa wagonjwa wengi wa maumivu sugu misuli hiyo hainyamazi. Inaendelea kukaza mahali ambapo ingepaswa kupumzika. Fikiria, fundi, unainama mara ngapi kwa siku, na kila mara misuli yako inanyimwa pumziko ambalo jirani yako analipata bila kujua.

Msuli mmoja unastahili kutajwa kwa jina. Maltifidasi ni msuli mfupi, ulio ndani kabisa, unaounganisha pingili na pingili. Mwaka 1996 Julie Hides na wenzake nchini Australia waliwafuatilia watu waliopata maumivu ya kiuno kwa mara ya kwanza, ambao maltifidasi yao ilikuwa imesinyaa upande unaouma. Maumivu yaliisha kwa wengi wao katika wiki chache, lakini kwa wale ambao hawakupewa mazoezi maalumu msuli haukurudi ukubwa wake, ilhali waliopewa mazoezi uliwarudia. Napenda kila mgonjwa wangu aujue utafiti huo, kwa kuwa unatenganisha mambo mawili ambayo tunayachanganya: kuisha kwa maumivu na kurudi kwa uwezo.

Hapo ndipo jibu la swali lako linapopatikana. Je, msukumo wa pingili unaondoa uchovu wa misuli? Baadhi ya vipimo vya maabara vimeonyesha kwamba mara tu baada ya msukumo ile misuli isiyonyamaza hupunguza ukaidi wake mtu anapoinama, na kwamba namna misuli inavyoitika hubadilika kidogo. Lakini tafiti hizo nyingi ni ndogo, na nyingi hupima dakika chache tu baada ya mgonjwa kusukumwa. Kuzuia misuli isichoke upesi kwa wiki na miezi kunadai mabadiliko ndani ya nyuzi zenyewe, yaani mishipa midogo ya damu iongezeke, chembe zizoee kutumia oksijeni vizuri zaidi, na ubongo ujifunze kugawa kazi kati ya misuli mbalimbali. Mabadiliko hayo huletwa na kazi inayorudiwa na kuongezwa kidogo kidogo. Msukumo wa sekunde moja, hata ufanywe na mikono hodari namna gani, hauwezi kuyaleta.

Ushahidi kutoka kwa wagonjwa unaelekea huko huko. Mapitio makubwa yaliyochapishwa mwaka 2019 katika jarida la BMJ yalikusanya majaribio 47 yenye washiriki 9,211 wenye maumivu sugu ya kiuno, yakaona kwamba tiba ya kusukuma pingili inafanana kwa matokeo na tiba nyingine zinazopendekezwa, yakiwemo mazoezi. Haikuwa mbaya kuliko hizo, wala haikuzishinda. Jaribio la Uingereza la mwaka 2004, lililokuwa na wagonjwa 1,334, liliona kwamba waliosukumwa pingili kisha wakaingia kwenye programu ya mazoezi walipata nafuu ya wastani baada ya miezi 3, na nafuu ndogo iliyokuwa bado ipo baada ya miezi 12. Kwa msingi wa ushahidi wa namna hiyo, taasisi ya NICE, inayotoa miongozo ya matibabu nchini Uingereza, ilielekeza mwaka 2016 kwamba tiba ya mikono kwa wagonjwa hawa ifikiriwe pale tu inapokuwa sehemu ya mpango wenye mazoezi ndani yake. Mwongozo wake wa awali, wa mwaka 2009, ulikuwa umeweka kikomo cha vikao 9 katika wiki 12. Hakuna mwongozo ninaoujua unaomwambia mgonjwa arudi kila wiki maisha yake yote, na mtu anayekuambia hivyo anapaswa kuulizwa kwa heshima, lakini bila woga, anapima nini ili ajue kwamba unaendelea vizuri.

Ushauri wangu kwako ni huu. Zile siku mbili za nafuu ni mtaji, zitumie. Kama utasukumwa tena, fanya mazoezi siku hiyo hiyo na siku inayofuata, wakati mgongo haukutishi. Ikiwa huna fedha ya kurudi, anza mazoezi bila msukumo, kwani hupotezi msingi wowote wa tiba. Piga magoti ukiwa umeweka viganja chini, nyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma bila kuuacha mgongo ubonyee, shikilia kwa sekunde 8 hadi 10, rudisha, kisha badilisha upande. Lala ubavu ukiegemea kiwiko na magoti, inua nyonga hadi mwili unyooke, na ushikilie kwa muda huo huo. Lala chali ukiwa umekunja magoti, inua nyonga, teremsha polepole. Anza na marudio machache usiyoyaogopa, mara tatu au nne kwa wiki, na unapozoea ongeza idadi ya marudio badala ya kurefusha sekunde, kwa sababu misuli iliyokazwa mfululizo kwa muda mrefu inarudi kwenye lile lile tatizo la kukosa damu. Maumivu kidogo wakati wa zoezi yanaruhusiwa. Kipimo ni kesho yake asubuhi, ambapo hali inapaswa kuwa imerudi kawaida yako. Usitegemee tofauti kubwa kabla ya wiki 6.

Kuhusu kazi, usisubiri saa tano. Inuka kila baada ya nusu saa, hata kama hujachoka, utembee hatua kadhaa kwenda kukata kitambaa au kupasha pasi, na panga kazi zako ili za kukaa na za kusimama zipokezane. Pandisha kiti au meza mpaka uweze kuiona sindano bila kukunja kiuno. Andika kila Jumamosi saa ambayo mgongo ulichoka siku hiyo. Ikisogea kutoka saa tano hadi saa sita, kisha saa saba, hiyo ndiyo tiba inayofanya kazi, hata kama maumivu yenyewe bado hayajaisha.

Mimi ni mwanafunzi wa fiziotherapia, Moshi. Tumefundishwa kipimo cha Sørensen cha ustahimilivu wa mgongo. Je, mgonjwa akishindwa mapema naweza kusema kwamba misuli yake ndiyo chanzo cha maumivu?

Hapana, ndugu yangu, usiseme hivyo. Kwa wasomaji wengine nieleze kwamba mgonjwa hulala kifudifudi, miguu na nyonga zikiwa zimefungwa kwenye kitanda, kifua kikining'inia nje ya ukingo, mikono ikiwa imekunjwa kifuani, naye hutakiwa kuubakiza mwili wake sambamba na sakafu kadiri anavyoweza, hadi ukomo wa sekunde 240. Fin Biering-Sørensen, daktari wa Denmark, alikitumia kwa wakazi wa Glostrup karibu na Copenhagen, na katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 1984 aliona kwamba wanaume waliostahimili zaidi walikuwa na nafasi ndogo ya kupata maumivu ya kiuno kwa mara ya kwanza katika mwaka uliofuata. Tafiti za baadaye hazikukubaliana zote juu ya utabiri huo.

Zaidi ya hayo, kipimo hakipimi misuli peke yake. Mtu mwenye kifua kizito anabeba mzigo mkubwa kuliko mwembamba; wanawake kwa kawaida hustahimili muda mrefu kuliko wanaume; na mgonjwa anayeamini kwamba mgongo wake unaweza kukatika ataacha mapema kwa hofu, misuli yake ikiwa bado na akiba. Kwa hiyo, mgonjwa anapoacha, muulize mara moja kilichomfanya aache: ni kuchoka, ni maumivu, au ni wasiwasi? Majibu hayo matatu yanahitaji mipango mitatu tofauti, na namba ya sekunde haikuambii ni upi. Kitumie kipimo hicho kumlinganisha mgonjwa na yeye mwenyewe, leo na baada ya wiki kadhaa. Wala usidai kwamba umethibitisha kilichotangulia kati ya uchovu na maumivu. Anayeumwa hujizuia kufanya kazi, misuli yake hudhoofu, huchoka upesi, na kuchoka huko humwongezea maumivu; ukimkuta katikati ya mzunguko huo, kazi yako ni kuuvunja mahali panapovunjika.

Mwanangu mtaalamu, mimi ni mama wa miaka 63, naishi Mwanza. Mgongo umeniuma tangu baada ya mavuno. Sasa unauma hata usiku nikiwa nimelala, nguo zimenilegea mwilini, na usiku natoka jasho. Jirani amenipatia mkandaji anayesifika kwa kunyoosha migongo. Niende?

Shikamoo mama. Nakuomba usiende kwa mkandaji, wala kwa mtu mwingine yeyote wa kukusukuma mgongo, hata awe na cheti. Nenda hospitali wiki hii hii.

Maumivu ya kiuno cha kawaida hupanda na kushuka kulingana na kazi na mkao, na mara nyingi mtu hupata mkao wa kulala unaompumzisha. Maumivu yasiyopumzika usiku, yakiambatana na kukonda na jasho, yanatulazimu kufikiria kwanza kifua kikuu cha mifupa. Watu wengi wanajua kifua kikuu cha mapafu tu, lakini vijidudu vyake husafiri kwa damu hadi kwenye pingili na kuzila taratibu, pengine bila mgonjwa kukohoa hata kidogo. Saratani iliyosambaa hadi mifupani huweza kuleta dalili kama hizo. Tena, katika umri wako, mifupa ya wanawake wengi imepungua uimara baada ya hedhi kukoma, na hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa aliyetumia dawa za steroidi kwa muda mrefu. Pingili iliyoliwa au iliyodhoofika ikisukumwa kwa nguvu inaweza kuporomoka na kuuminya uti wa mgongo, na matokeo yake ni kupooza miguu.

Mweleze daktari mambo yote matatu uliyoniandikia, usimtajie mgongo peke yake, kwa sababu mgonjwa anayesema "kiuno tu" hupewa dawa ya maumivu na kurudishwa nyumbani. Omba upigwe picha ya mgongo na uchunguzwe kifua kikuu. Ikithibitika kuwa ni ugonjwa huo, unatibika kwa vidonge, na dawa zake hutolewa bila malipo katika vituo vya umma nchini. Ukihisi ganzi kwenye makalio au sehemu za siri, miguu ikilegea, au ukishindwa kukojoa au kuizuia haja, usisubiri kupambazuke. Upelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Ni dereva wa bodaboda, Tanga. Nimenunua mkanda wa kiuno na nauvaa kutwa nzima. Unasaidia? Na nikipona nifanye nini maumivu yasirudi?

Shirika la Afya Duniani, lililokadiria kwamba watu milioni 619 waliishi na maumivu ya kiuno mwaka 2020, lilitoa mwongozo wake kuhusu maumivu sugu ya kiuno mwezi Desemba 2023. Mwongozo huo unaruhusu elimu kwa mgonjwa, mazoezi, tiba ya kusukuma pingili na kuchua misuli, na unashauri kwamba mikanda ya kiuno isitumiwe kama tiba ya kawaida. Usiutupe leo kama umeuzoea; uvue kwa saa moja, kesho saa mbili, hadi uachane nao.

Kuhusu kurudi kwa maumivu, utafiti uliochapishwa mwaka 2024 nchini Australia uliwahusisha watu 701 waliokuwa wamepona karibuni. Nusu yao walipewa mpango wa kutembea unaoongezwa polepole, ukilenga dakika 30 kwa siku, mara tano kwa wiki, pamoja na maelezo kutoka kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Kwa waliotembea, muda wa kati kabla ya maumivu kurudi ulikuwa siku 208. Kwa ambao hawakupewa mpango huo ulikuwa siku 112. Wewe unakaa juu ya pikipiki tangu alfajiri, kwa hiyo iache kijiweni unaposubiri abiria na utembee. Anza na dakika 10 asubuhi na 10 jioni, na kila wiki uongeze dakika chache mpaka ufike 30 kwa mfululizo mmoja.